Watu wazima vyuoni wapimwe hulka kabla ya kupokelewa?

Mwanzisha mada:
Wakuu, nasoma jioni hapa Dodoma, wengi darasani ni watumishi waliohamia na serikali. Juzi kwenye disikasheni tulipewa swali: wamachinga waondolewe kando ya barabara au waachwe? Mzee mmoja wa miaka 52 akafunga daftari: "Sheria ndogo zipo, waondolewe. Tuandike hivyo, twende nyumbani." Dada wa miaka 26, anayeuza zabibu asubuhi, akamuuliza, "Na mteja wangu anayetembea kwa miguu atanifuata huko nitakakohamishiwa?" Kimya.

Mwenzetu akasema basi vyuo viwapime watu hulka kwanza, wapokelewe wanaoweza kupima hoja za pande zote. Mimi napinga. Watafiti hugawa hulka katika mafungu 5, na linalokwenda karibu zaidi na ukomavu wa hoja (kupima pande zote kabla ya kuamua) ni utayari wa kupokea mawazo mapya. Si uchangamfu (wasemaji wa darasani mnisamehe). Ila uhusiano wenyewe ni wa wastani tu. Patricia King na Karen Kitchener wa Marekani walipanga ngazi 7 za namna mtu anavyoamua jambo lisilo na jibu moja. Waliosoma zaidi walielekea kuwa ngazi za juu. Maana yake hata darasa linakomaza. Sasa utamkatalia mtu mlangoni kitu ambacho angekuja kukipata ndani?

Mchangiaji 1:
Mkuu, mzee wa watu umemwonea. Katoka kazini Mtumba, kwenye ofisi za serikali, saa kumi na moja, kagombea daladala, hajala. Halafu ofisini miaka yote kafuata waraka. Kule ukisema "inategemea" unaambiwa huna msimamo. Hayo ni mazoea ya kazi, hulka yake hujaiona.

Mchangiaji 2:
Hapo kwenye uchangamfu umenigusa. Mimi ni mkimya, alama za kushiriki nakatwa kila muhula. Kuna jamaa anaongea dakika kumi, ukichuja ni desa la mwaka jana. Yeye ndiye "amekomaa". Mkileta kipimo cha hulka, sisi wakimya ndio tutaanza kuachwa.

Mwanzisha mada:
Mchangiaji 1, la njaa nakubali, ingawa yule dada naye alikuwa hajala. La waraka ndilo limenikaa. Nimerudi kuangalia mtihani wetu uliopita: swali la alama 20 lilisema, "Taja faida tano." Yule mzee alipata alama zote. Dada alipata alama sita tu, maana aliandika na hasara.