Yule jamaa wa Mnazi Mmoja, njia panda ya kule Lindi, kanivunjia heshima mbele ya baba mkwe. Eti sufuria ngapi!

Mia na Tisa:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Mnamjua, simtaji. Yule mwenye Prado nyeupe ya mkopo, anayevaa miwani ya jua mpaka kwenye futari. Bei ya korosho anaijua kabla mnada haujafunguliwa, ugonjwa wako anaujua kabla ya daktari. Ukisimama Mnazi Mmoja dakika tano utamsikia kabla hujamwona.

Leo asubuhi nimetoka Mtwara na Land Rover yangu, ile ndefu wanayoiita mia na tisa, ya 1974, safari ya Tendaguru, kule kulikochimbwa mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale. Wanaonifahamu wanajua gari hili nililiokota wapi: Nachingwea, chini ya mkorosho, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Miaka mitatu nalijenga. Injini ya petroli nimeitoa, nimeweka 3B ya Toyota, dizeli, iliyotoka kwenye Dyna. Pleti ya kuunganisha injini na gia boksi imekerezwa mara tatu, mbili za kwanza nazitumia kufungia geti. Snokoli ipo, lile bomba la kuvutia hewa juu. Winchi ipo. Matairi saba na nusu kumi na sita. Keria nimechomelea mwenyewe, ina hema, madumu manne na jeki ndefu inayokaribia kimo cha mke wangu. Mke wangu naye anasema ningejenga nyumba kwa moyo uleule sasa hivi tungekuwa tunapangisha.

Nikasimama Mnazi Mmoja ninywe chai. Pembeni yangu baba mkwe, niliyembembeleza wiki nzima apande aone kwamba mkwe wake si mtu wa mchezo. Jamaa akaja. Salamu hakuna. Akalizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama bwana afya kwenye mgahawa. Akagonga boneti kwa pete. Ko, ko, ko. Akasema kwa sauti ya mnadi:

"Hili likiyeyushwa linatoa sufuria ngapi?"

Sufuria. Ngapi.

Baba mkwe alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mama wa chapati aliacha kugeuza, ikaungua. Konda wa basi la Masasi akawarudishia maneno abiria wa viti vya nyuma waliokuwa hawajasikia. Pale kuna mbuzi, na naapa yule mbuzi naye alicheka.

Hivi mtu mzima hajui kwa nini ni alumini? Land Rover inatoka 1948, Uingereza chuma ni cha mgawo, vita ndiyo kwanza imeisha, wakaamua bodi iwe alumini. Ndiyo maana lina miaka hamsini, linaishi pwani, na bodi haijatoboka. Haya yote nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, ikatoka "aah". Basi. Ko, ko, ko, kwa pete, kwenye boneti niliyoipiga msasa mwenyewe siku tisa!

Halafu baba mkwe, kwa nia njema kabisa, akaniinamia: "Kwani hutoa ngapi?"

Mtu kama huyu tunamfanyaje?

Ming'oko Mitatu:
Nimewahi kiti cha mbele. Endeleeni.

Korosho Ghafi:
Mleta mada umeandika gazeti zima na swali hujajibu. Ngapi?

Mia na Tisa:
Wewe usinianze.

Bibi wa Shangani:
Pole mwanangu. Wenye midomo hao ni wa kuwaachia Mungu. Ila picha ya gari iko wapi? Tutajuaje kama kweli halifanani na sufuria?

Spana Kumi na Saba:
Tuongee kifundi. Alumini ni bodi: milango, madigadi, boneti, sanduku la nyuma la mizigo. Chasisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma, na huku kwetu chumvi inaula kama mchwa. Na mleta mada asitudanganye kuhusu bodi. Alumini inapogusana na chuma panatoka unga mweupe, rangi inatuna, ukibonyeza kidole kinaingia. Kwa hiyo toa palipooza, toa misumari ripiti, inabaki kama sufuria arobaini za pilau. Mifuniko sijaweka.

Mia na Tisa:
Unga mweupe uko kona MOJA tu ya mlango wa nyuma!!! Na msihamishe mada. Amegonga kwa PETE. Mbele ya mzee wa watu.

Korosho Ghafi:
Arobaini si haba.

Mzee wa Rondo:
Mjomba, mimi nilikuwepo. Nilikaa benchi la nyuma yenu nakula mihogo. Simulia mpaka mwisho. Gari lilipogoma kuwaka, nani alisukuma?

Mia na Tisa:
Stata haihusiani na uzi huu.

Ming'oko Mitatu:
NANI ALISUKUMA

Mzee wa Rondo:
Huyohuyo wa miwani. Yeye na baba mkwe. Kanzu ya mzee ilipata tope mpaka magotini, na lilipokubali kuwaka moshi ukatufunika wote, mihogo yangu ikabadilika ladha. Jamaa alisukuma vizuri, haki yake tumpe.

Mia na Tisa:
Alisukuma kwa mkono mmoja! Wa pili ulikuwa unarekodi! Tena nikamsikia anahesabu, moja, mbili, tatu, nikadhani anawapa watu mpigo wa kusukuma. Kufika kumi na nane ndiyo nikaelewa anahesabu nini.

Bibi wa Shangani:
Nimecheka wajukuu wameamka.

Kitangali Moja:
Kwanza Tendaguru unafuata nini? Mjusi alishaondoka. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa kichwani na babu zetu hadi bandarini Lindi, kwa miguu, siku kadhaa njiani. Leo mjusi amesimama Berlin watu wanakata tiketi kumwona. Babu hakuwa na snokoli.

Spana Kumi na Saba:
Na ajabu ni kwamba mifupa ilifika. Mia na Tisa, wewe ulifika?

Mia na Tisa:
Nilifika Lindi mjini.

Spana Kumi na Saba:
Halafu?

Mia na Tisa:
Hafu shafti ya nyuma, ile fimbo inayozungusha tairi, imekatika. Nawaandikia nikiwa gereji. Baba mkwe kapanda basi, hakuaga.

Spana Kumi na Saba:
Nilijua. Ukiipa difu ya zamani injini yenye nguvu ya 3B na matairi mazito, usishangae hafu shafti ikikatika. Land Rover nyingi za zamani zilikuwa zinazikata hata na injini zao za kuzaliwa nazo.

Korosho Ghafi:
Mkisema gereji mnanitonesha kidonda. Fundi wangu alifungua gia boksi ya Hilux, akafunga, bolti nne zikabaki mezani. Namuuliza, ananijibu, "Hizo Mjapani huwa anaweka za akiba." Nimetembea nazo mfukoni mwezi mzima. Juzi gia ya tatu imebaki mkononi kama mwiko.

Kitangali Moja:
Afadhali wewe una gari la kuharibiwa. Sisi kijijini kwetu gari likipita unageuka samaki aliyepakwa unga, bado mafuta tu. Nimefua shuka jana, leo nimelala kwenye kifusi.

Ming'oko Mitatu:
Vumbi! Mimi korosho zangu za mnada wa tatu sijalipwa mpaka sasa. Kila nikienda chama cha ushirika naambiwa majina yanahakikiwa. Jina langu lina herufi nne, wanahakiki nini?

Bibi wa Shangani:
Afadhali wewe una cha kudai. Mimi niliuza korosho kangomba, yaani kimagendo nje ya mnada, kwa bakuli, na bakuli lenyewe lilikuwa limegongwa kitako likawa na tumbo. Lingeitwa beseni ningeelewa.

Mia na Tisa:
Jamani, uzi wangu. Mtu kagonga boneti.

Korosho Ghafi:
Bibi, bakuli la nani hilo? Si la yule wa miwani?

Bibi wa Shangani:
Hilohilo. Nilifunga mdomo nikasubiri mtu aulize.

Ming'oko Mitatu:
Basi kumbe sote tunamdai heshima.

Mama Harusi Masasi:
Samahani natoka nje ya mada. Kuna aliyetaja sufuria za pilau. Nina shughuli mwisho wa mwezi, nahitaji kubwa za kusubu, si hizi bati zinazounguza wali. Napata wapi?

Mzee wa Rondo:
Uko Masasi upande gani? Nyuma ya soko kuna vijana wanasubu, nenda asubuhi kabla moto haujakolea, uchague. Gonga kwanza usikie mlio. Ukiwa mzito, chukua.

Mama Harusi Masasi:
Nagonga na nini?

Mzee wa Rondo:
Pete inatosha.