Mafundi, acheni kuchokonoa jeti kwa waya! Mnaua kabureta za pikipiki za zamani

Wakuu,

Nimechoka, na uzi huu nauandika kwa hasira. Malalamiko ni yaleyale kila kukicha: kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imeoshwa mara tatu, pikipiki inawaka kwa choki tu (ile ya kuwashia injini baridi), choki ikirudishwa inazima. Na ushauri ni uleule: pandisha sailensa (yaani mwendo wa injini ikiwa imewaka bila kuvuta mkono wa mafuta), badilisha plagi, nunua kabureta mpya. Hakuna anayeuliza hiyo kabureta imeoshwaje.

Kufungua kikombe cha mafuta cha chini ya kabureta, kumwagia petroli, kupangusa kwa kitambaa na kufunga si kuosha kabureta. Huko ni kuosha kikombe. Petroli ikilala miezi kadhaa, sehemu yake nyepesi huruka, kinachobaki ni utomvu wa kahawia unaoganda ndani ya vitundu. Unaanza kuziba kitundu chembamba kuliko vyote, yaani jeti ndogo ya sailensa (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta), ambayo kwenye pikipiki nyingi ina upana wa takriban milimita 0.35 hadi 0.45. Hapo ndipo jibu la ile dalili lilipo. Choki ina njia yake ya mafuta, kwa hiyo injini inaishi kwa hiyo njia. Ukiirudisha, inabaki na njia ya sailensa iliyoziba, inakufa. Kupandisha sailensa kunasogeza tu kipepeo au slaidi (mlango wa hewa ndani ya kabureta) ufunguke zaidi hadi injini ianze kunyonya mafuta kwenye njia nyingine. Ugonjwa upo palepale, umefunikwa.

Sasa waya. Jeti ni ya shaba, laini, na tundu lake limetobolewa kwa kipimo. Waya wa chuma ni mgumu kuliko shaba. Ukisugua tundu la 0.38 likafika 0.42, kwa macho huoni tofauti, lakini eneo la kupitisha mafuta limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Ndiyo maana baada ya "kuoshwa" plagi zinakuwa nyeusi kama masizi, pikipiki inakula mafuta, na fundi anasema injini imechoka. Injini haijachoka. Jeti imeharibiwa, na hakuna wa kuirudisha. Ni kutafuta nyingine yenye namba ileile iliyochongwa juu yake.

Njia sahihi haihitaji ushujaa. Toa jeti kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji wake sawasawa, kwa sababu bisibisi nyembamba inamega shaba na jeti inabaki humo humo. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, hata usiku kucha. Kama bado imeziba, pitisha unywele mmoja wa brashi ya nailoni au uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia samaki. Kisha ielekeze kwenye mwanga: unatakiwa uone duara kamili. Ukiona mwezi mwandamo, rudi kwenye dawa. Kwenye mrija wenye vitundu vya pembeni ambao jeti kubwa hufungwa chini yake, kagua kitundu kimoja kimoja, maana vikiziba pikipiki itawaka vizuri na kusita katikati ya mwendo, halafu lawama zitapelekwa kwenye koili.

Na jeti si mwisho wa njia. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Mafuta ya sailensa yakishatoka kwenye jeti yanapita kwenye mfereji ndani ya mwili wa kabureta hadi kwenye skrubu ya mchanganyiko (ya kurekebisha kiasi cha mafuta na hewa), na kwenye kabureta za kipepeo yanatoka pia kwa vitundu vidogo vilivyopangana karibu na ukingo wa kipepeo. Usipotoa ile skrubu, mfereji huo hujausafisha. Kabla ya kuitoa, ifunge polepole hadi iguse huku ukihesabu mizunguko, andika, ndipo uitoe yote. Kwenye kabureta nyingi, pamoja nayo kuna springi, washa ndogo na kioringi (pete ndogo ya raba). Kioringi mara nyingi hung'ang'ania ndani ya tundu. Kivute kwa ndoano laini kabla ya kupuliza dawa, la sivyo kitavimba. Sasa weka mrija wa kopo la dawa pale jeti ndogo inapokaa, ziba tundu la skrubu kwa kidole, bonyeza. Dawa ni lazima irushwe na kila kitundu cha kwenye kipepeo. Kimoja kikiwa kikavu, kazi haijaisha. Malizia kwa upepo wa kompresa, na vaa miwani, maana dawa hiyo inarudi usoni.

Wakati wa kurudisha, msiikaze hiyo skrubu kama nati ya gurudumu! Ncha yake inakatikia ndani ya mwili, na hapo kabureta ndiyo basi tena. Kingine: skrubu iliyo upande wa injini kwa kawaida inapima mafuta, ukiilegeza unaongeza mafuta. Iliyo upande wa chujio la hewa inapima hewa, ukiilegeza unapunguza kiasi cha mafuta kwenye mchanganyiko. Fundi asiyejua tofauti hiyo anazungusha kinyume siku nzima.

Kwenye floti, lile boya linaloelea ndani ya kikombe, napo ni vilio. Kabureta inafurika, fundi anakunja ulimi wa floti kwa makadirio. Kwanza tazama ncha ya raba ya sindano inayofungia mafuta yasiingie kikombeni: ikiwa na pete iliyochimbika, haizibi tena, hata ukikunja mara kumi. Tazama na kiti chake, kisugue kwa kijiti cha pamba. Tikisa floti sikioni. Ikisikika maji ndani, imetoboka. Ndipo upime kimo: laza kabureta upande hadi ulimi uguse tu kile kipini chenye springi cha sindano bila kukibonyeza, pima kutoka uso wa gasketi hadi ukingo wa floti, linganisha na kitabu cha modeli hiyo. Milimita moja inatosha kubadilisha mwendo mzima. Na ile pini ya floti ina kichwa upande mmoja kwenye kabureta nyingi. Isukumeni kutokea upande usio na kichwa, kwa utaratibu, mkishikilia nguzo. Nguzo hizo zinavunjika kama biskuti.

Kuhusu seti za ukarabati za bei rahisi: chukueni gasketi na oringi, basi. Jeti na sindano ya slaidi zilizokuja na pikipiki, zikiwa nzima, zibaki. Vingi vya kwenye seti vina namba sahihi na tundu lisilo sahihi, na sindano zake zinatofautiana unene. Kabla ya kutoa sindano ya zamani, hesabu klipu yake (kibanio kidogo cha kuishikilia) iko mfereji wa ngapi kutoka juu.

Raba ya slaidi, ile diaframu, haitakiwi kugusa dawa hata tone. Inavimba na haikai tena kwenye mfereji wake. Imulikeni kwa tochi, tundu la pini tu linatosha slaidi isipande vizuri, na pikipiki haivuti. Tena msilowekee mwili mzima na raba zake kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti. Toeni kila raba kwanza, na mkimaliza mkaushe kwa upepo papo hapo kabla unga mweupe haujaanza kula chuma.

Skrubu za kikombe za kabureta za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini vichwa vyake ni vya kipimo cha JIS, kiwango cha Kijapani. Ndiyo maana, kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, vichwa vyote vimelika.

Kwa injini ya mitungi minne, kuosha bila kusawazisha kabureta kwa geji za mvuto (za kupima mfyonzo wa hewa wa kila mtungi) ni nusu kazi. Na kabla ya hapo valvu ziwe zimepimwa, na raba za kuunganisha kabureta na injini zisiwe na nyufa: sailensa ikipanda na kukawia kushuka ukiachia mkono, tafuteni hewa inayoingia kwa wizi hapo kabla ya kugusa jeti.

Mwisho tangi. Kabureta safi chini ya tangi lenye kutu itaziba tena. Na kama ilikuwa inafurika, nusa oili ya injini kabla ya kuwasha. Ikinuka petroli, imwage, kwa sababu petroli imeshapita kwenye silinda hadi chini na oili hiyo hailindi chochote.

Anayekuja kulalamika humu kuwa kabureta "imeshindikana" aandike: namba za jeti zote mbili, skrubu ilikuwa mizunguko mingapi, kimo cha floti ni milimita ngapi, klipu iko wapi, na dawa ilitokea kwenye vitundu vingapi vya kipepeo. Bila hayo hatujui hata kama ilifunguliwa.