Mjadala: Mtandao unaokuja, tutauendea wenyewe ama roboti litatuletea majibu?

Mwenye saiba, Majengo
Asalam aleykum jamaa. Nna jambo lanikera, nataka mulijadili bila matusi. Tangu ChatGPT, lile roboti la kujibu maswali, itoke mwisho wa 2022 vijana wanaokuja hapa kwangu hawafungui kurasa tena, wauliza roboti, lawajibu, waprinti, waenda zao. Google nayo tangu 2024 yatanguliza jibu lililokwisha pikwa, kurasa zenyewe ziko chini huko na hakuna azitazamae. Na twaambiwa bado, mbele roboti litakununulia tiketi, litakujazia fomu, wewe ni kusema tu wataka nini. Mie nasema huo si mtandao, hio ni kaunta, mtu mmoja yuko nyuma yake na wewe wapokea akupacho. Tim Berners-Lee alibuni web, yaani hizi kurasa zilizounganishwa, pale CERN, kituo cha utafiti wa sayansi Uswisi, 1989, na 1993 CERN wakaiwachia dunia bure, yeyote aweke ukurasa wake na mwengine aunganishe na wake. Sasa kama hakuna aingiae kwenye ukurasa nani atakaa aandike? Na roboti litasoma wapi?

Mtembeza wageni, Mji wa Kale
Wallahi umenigusa. Mie nna ukurasa wa matembezi, Fort Jesus, vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa, bei na saa zote ziko hapo. Zamani mgeni asoma kisha anipigia, sasa anipigia majibu anayo tayari na mengine ya uongo. Juzi mmoja kaambiwa na roboti ati kivuko cha Likoni mtu wa miguu alipa, akawa anigombeza mie ndo namficha nauli!! Magari ndo yalipa, wa miguu apita bure, mtoto yeyote hapa alijua hilo. Na yale ya kweli yatoka kwa maandishi yangu, jina langu halimo. Nikaambiwa weka kwenye ukurasa faili ya robots.txt, ya kuyaambia maroboti yasiingie, nikaweka, kumbe lile ni ombi tu, ada ya tangu 1994 ya kuheshimiana, roboti lisilotaka kuheshimu laingia tu.

Kijana wa Nyali
Mwalia bure wakubwa zangu, dawa ipo kitambo. Web3, Gavin Wood wa mambo ya sarafu za kidijitali aliitaja tangu 2014, yajengwa kwa blokucheni, daftari la pamoja lililo kwenye kompyuta nyingi, kila mtu na data yake mkononi hakuna kampuni katikati

Mwenye saiba, Majengo
Yakhe wewe 2023 ulikuwa wapi? Hukuona foleni za Worldcoin, mradi wa hizo hizo sarafu za blokucheni, pale ukumbi wa KICC Nairobi, watu wapigwa picha za macho wapewe sarafu za kama shilingi 7,000, mpaka serikali ikasimamisha Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile data zifutwe. Data mkononi kwa nani hapo?

Kijana wa Nyali
Hio ni kampuni moja na mambo yake. Haya wacha sarafu kabisa, iko ActivityPub, kanuni ya seva kuzungumza, W3C wanaoweka viwango vya web waliipitisha 2018, Mastodon, mtandao wa kijamii, yatumia hio, mtu aweka seva yake na yazungumza na seva za wengine, hakuna mkubwa. Vijana watano hapa Mombasa twaweza kuweka yetu.

Fundi wa nyaya, Kisauni
Na umeme ukipotea saa nne usiku nani aiamsha hio seva, wewe? Nyote mwaongea juu juu mwasahau baharini. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapa kwetu 2009, EASSy 2010, kabla ya hapo tulikuwa twategemea satelaiti, polepole na ghali. Mei 2024 EASSy na Seacom zikakatika kule upande wa Afrika Kusini, mukaona wenyewe nchi ilivyogota, manake vitu vyetu vingi twaviweka ng'ambo. Roboti ndo zaidi. Mtu wa Kisauni auliza habari za Kongowea, swali lavuka bahari likajibiwe huko kisha lirudi. Starlink, intaneti ya satelaiti, ipo Kenya tangu Julai 2023, sawa, lakini hio nayo mwenyewe ni mmoja. Mie hamuniambii kitu kuhusu web ya kesho kabla hamjanambia mitambo itakaa wapi.

Mama wa Tudor
Samahanini mie niko kinyume nanyi. Mamangu kuandika kwa simu hawezi, lakini roboti la sauti alizungumza nalo kwa Kiswahili, kauliza dawa yake ya presha anywe kabla ya kula ama baada, likamweleza pole pole na likamwambia amuulize na daktari. Hizo kurasa munazozililia kwake hazikuwepo hata siku moja, nyingi ni za Kizungu na bando lenyewe la kubahatisha. Wikipedia ya Kiswahili iko tangu 2003, haya semeni, wangapi humu mushaandika hata aya moja? Kisha mwalaumu roboti halijui Likoni.

Mwenye saiba, Majengo
La mamako silipingi bibiye, Mungu ampe afya. Ninalopinga ni huu ubure wake, tukishazoea ndo bei yaja na pa kurudi hapapo, kurasa zishakufa. Na hata hilo roboti kuwa na adabu, iliripotiwa Januari 2023 kuwa vijana wa Kenya walisomeshwa machafu ya dunia nzima wayachambue ili roboti lijifunze kuyaepuka, kwa chini ya dola 2 kwa saa. Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu 2019, iongezwe basi kifungu, roboti likichukua maneno ya mtu limtaje na limlipe.

Mtembeza wageni, Mji wa Kale
Kifungu kitakuja wajukuu washaoa. Mie nshaondoa bei zangu zote, atakae bei apige simu.

Mama wa Tudor
Ndo litabuni ya kwake sasa, na mgeni atakuja ameishikilia hio hio.

Mtembeza wageni, Mji wa Kale
Na nikiziwacha lazichukua bure. Haya nambieni, nifanyeje?