Nasoma biokemia, nataka udaktari nikihitimu. Nimepata C ya kemia ogania, njia bado ipo?

Mchele_na_Mizani

Heshima kwenu wakubwa.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya biokemia. Nia yangu ni nikihitimu niombe udaktari, kwenye zile programu zinazopokea watu wenye shahada tayari. Muhula uliopita nimepata C ya kemia ogania. Masomo mengine yote ni A na B. Nilipiga msuli kweli, nikakariri mmenyuko mmoja baada ya mwingine kama mtu anayekariri namba za simu. Mtihani ukaja na molekuli ambazo sijawahi kuziona, nikabaki naitazama karatasi. Mhadhiri mmoja nilipomweleza ndoto yangu akaniambia watu wa udaktari hawaingii na C, nitafute kitu kingine. Tangu siku ile nikifungua daftari la kemia tumbo linanikata.

Kinachonishikilia ni Jumamosi zangu. Najitolea kwenye wodi ya wagonjwa wa kiharusi: kugawa maji, kusukuma viti vya magurudumu, kukaa na wasiotembelewa. Kuna mzee ambaye upande wake wa kulia umelegea, na maneno yamempotea. Wiki iliyopita alikataa nimfungie shati. Kifungo cha kwanza akakifunga kwa mkono wa kushoto, cha pili kikamchukua muda, cha tatu kikawa kinamponyoka kila kikikaribia tundu. Nikanyoosha mkono. Muuguzi akanitikisia kichwa, nikakaa. Kilipoingia, mzee alinigeukia akaniangalia muda mrefu. Nilitoka pale nikijua hii ndiyo kazi ninayoitaka.

Naomba kujua: C moja inafunga mlango? Nirudie somo? Na rafiki yangu ananishauri nihamie kozi nyepesi ili wastani upande, nimsikilize?

Tabibu_wa_Mkupuo_wa_Pili

Mdogo wangu, pole kwa maneno uliyoambiwa. Mimi niliingia udaktari nikiwa na shahada ya zoolojia, tena kwa maombi ya mara ya pili, na nilikuwa na C yangu ya fizikia.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme shahada yako ina masomo 40 yenye uzito sawa, na 39 umeyapata kwa wastani wa 3.7 kwenye mizani ya 4. C ni 2.0. Ukijumlisha yote na kugawanya unapata karibu 3.66. Hicho ndicho C ilichokula. Wanaosoma maombi huangalia pia mwelekeo: mtu aliyejikwaa mwaka wa pili kisha akapanda anasomeka tofauti na aliyeanza juu akaporomoka.

Kurudia somo ulilofaulu sikushauri mpaka usome masharti ya vyuo unavyovitaka. Kwenye mfumo wa pamoja wa maombi wa Marekani, kwa mfano, alama zote mbili zinahesabiwa, ya zamani haifutwi. Afadhali upate A ya somo la juu linalosimama juu ya lile lililokuangusha.

Sasa hilo tumbo linalokata. Ulikariri, na kemia ogania haikaririki, ni nyingi mno. Jifunze kuuliza swali moja: elektroni ziko wapi kwa wingi, na wapi zimepungua? Mshale unaouchora kuonyesha zinakohamia unatoka penye wingi kwenda penye upungufu. Chukua kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. Oksijeni inazivuta elektroni, kaboni inabaki na upungufu, basi chochote chenye elektroni za ziada kitaishambulia kaboni ile. Ukilielewa hilo, mimenyuko mingi uliyoikariri mmoja mmoja inakuwa ndugu wa familia moja.

Na wodi yako imejaa mimenyuko hiyo. Wagonjwa wengi waliopata kiharusi cha mshipa kuziba hupewa aspirini. Aspirini ina kundi la asetili, na ndani yake kuna kabonili. Kimeng'enya cha COX kilichomo kwenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kina asidi amino iitwayo serini, yenye oksijeni. Oksijeni ile inaishambulia kabonili, asetili inahamia kwenye serini, kimeng'enya kinaziba. Chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine, kwa hiyo inabaki hivyo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Ndiyo maana dozi ndogo mara moja kwa siku inatosha. Hiyo ni kemia ileile iliyokutoa jasho.

Msomaji_wa_Usiku

Kozi usihame. Usipopata nafasi mara ya kwanza, shahada hiyo ndiyo utakayoishi nayo, bora iwe ya kitu unachokipenda.

Mitihani ya kuingilia ianze kuifikiria sasa. MCAT ya Marekani na Kanada ina sehemu nne, alama kuanzia 472 hadi 528, na ukihesabu mapumziko unakaa pale zaidi ya saa saba. Kilichowaangusha wenzangu wengi wa sayansi ni sehemu ya ufahamu, vifungu vya falsafa na historia ambavyo hakuna fomula ya kukuokoa. GAMSAT, inayotumika Australia, Uingereza na Ireland, inakutaka hata uandike insha. Soma vitu nje ya sayansi kila siku, hata nusu saa.

Nilibaki_Maabara

Naomba niseme upande wa pili, kwa heshima. Nilikuwa na ndoto kama yako. Nilipokaa wodini miezi kadhaa nikagundua kila mara nawahi kutoka nirudi kwenye seli zangu. Nikachagua utafiti na sijutii. Kwenye usaili watakuuliza kwa nini udaktari na si uuguzi au utafiti, na jibu la "napenda kusaidia watu" halitoshi, maana muuguzi aliyekutikisia kichwa naye anasaidia watu. Jiulize mapema wewe ungetaka kufanya nini kwa mzee yule ambacho muuguzi na mtafiti hawakifanyi.

Mchele_na_Mizani

Asanteni sana, nimesoma kila jibu mara mbili. @Nilibaki_Maabara, swali lako limenikalia. Nadhani nataka kuwa yule anayeamua, mzee anapofikishwa mlangoni, kama mshipa umeziba au umepasuka, kwa sababu aspirini inayomfaa wa kwanza inaweza kumdhuru wa pili. Bado sijaliweka vizuri, nitaendelea kulifikiria.

Kaka Tabibu, jana usiku nilichukua karatasi tupu nikachora serini na aspirini bila kufungua daftari. Mshale wa kwanza niliukosea, niliuanzisha kwenye kaboni. Nikafuta, nikauanzisha kwenye oksijeni, na mingine yote ikafuata.