Makumbusho ya chai Hantane au mashambani moja kwa moja?

Msafiri_Pole: Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nakwenda Sri Lanka kikazi, na nitabaki na siku 2 zangu mwenyewe mjini Kandy. Chai nimeinywa tangu utoto ila sijawahi kukanyaga shamba lake. Yale makumbusho ya chai ya Hantane yana maana, au niende zangu mashambani?

BintiMchumaChai: Usiyaruke, kaka. Ni kiwanda cha zamani, kilijengwa 1925, ghorofa 4, na kutoka mjini unachukua bajaji tu. Jumatatu wanafunga.

Mama yangu alikuwa mchuma chai, kwa hiyo nilidhani chai naijua. Chini kule nikakuta mashine ya kusokotea majani: meza ya duara yenye mbavu, juu yake pipa lililokuwa likizungushwa kuyakandamiza. Nilipitisha kidole kwenye zile mbavu, zimelika hadi zimekuwa laini. Ghorofani kuna habari za James Taylor, Mskoti aliyepanda chai kwenye shamba la Loolecondera mwaka 1867, ekari 19 tu. Wakati huo kisiwa kizima kilikuwa kahawa. Ugonjwa wa kutu ya majani ulipoingia mwaka 1869, kahawa ikaisha, milima ikabaki kwa chai.

Lakini mashine zilizolala hazina harufu. Kesho yake panda treni ya asubuhi hadi Nanu Oya, karibu na Nuwara Eliya, safari ya kama saa 4 hivi, ukatafute kiwanda kinachofanya kazi. Ulizia kwanza kama siku hiyo wanasindika. Simama pale majani yanaponyaushwa, uvute pumzi. Mimi nililia pale, maana ndiyo harufu ya nguo za mama.

Na shambani tafadhali omba ruhusa kabla hujampiga mtu picha. Wengi ni Watamili, wajukuu na vitukuu vya watu walioletwa na Waingereza kutoka India Kusini. Mama alipigwa picha nyingi na wapita njia, hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina.

Kikombe2: Naongezea. Chai ya Nuwara Eliya ionje kwanza bila maziwa. Huko juu majani hukua taratibu, chai inatoka nyepesi na yenye harufu nzuri. Sisi tumezoea ile ya CTC, majani yaliyosagwa yakawa punje, inayokolea upesi na kuvumilia maziwa. Ya mabondeni kwao ndiyo nzito.

Msafiri_Pole: Asanteni sana. Siku zangu ni Jumanne na Jumatano, basi Hantane kwanza, treni kesho yake. Dada, samahani nikuulize: mama alikuwa akichuma kilo ngapi kwa siku?

BintiMchumaChai: Wakati wa mvua hata 40. Kiangazi 15 ikipatikana, ni shukrani. Anachuma majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, macho yakiwa kwenye kichaka kinachofuata. Jioni tulimsugua vidole kwa limau, weusi ule haukutoka.