Fundi kafunga kruzi kwenye Corolla 110, nakanyaga breki gari bado inavuta!

Wakuu salamu. Naandika nina hasira, mkikuta neno kali limepenya mnisamehe.

Nina Corolla 110, injini ya 5A, manyuo (gia za mkono). Ya zamani, ila bodi imenyooka na haijawahi kunilaza njiani. Kazi inanipeleka Dodoma mara kwa mara, na barabara ile mnaijua: kila kijiji kibao cha 50, na chini ya kila mti wenye kivuli kuna trafiki na tochi ya kupimia spidi. Ukijisahau kidogo, elfu thelathini imekwenda. Nikaona nifunge kruzi kontroli, kile kifaa kinachoshika chenyewe spidi uliyochagua, mguu upumzike na mshale wa spidi utulie. Ndugu yangu aliyeko nje akaniletea kile cha kuongezea kinachofanya kazi kwa vakyumu: kopo la plastiki lenye kiwambo ndani, injini inalifyonza hewa, lenyewe linavuta waya, waya unavuta throto, kile kilango cha kuingizia hewa injini. Kwa gari yenye waya wa eksileta kama hii ndicho kinachofaa. Wale wa "Corolla 110 na kruzi wapi na wapi", piteni kushoto, leo sina nafasi yenu.

Nikaelekezwa kwa fundi rewaya, yaani fundi umeme wa magari, anayesifiwa sana. Simtaji, hapa nashughulika na kazi yake.

Tuanze na alipolifunga hilo kopo. Anayeijua 110 anajua eksozi manifoldi iko mbele, inatazamana na rejeta, na throto iko nyuma, upande wa dashibodi. Fundi wangu katafuta nafasi iliyo wazi, akaiona hapo mbele pembeni ya rejeta, akapiga skrubu MOJA kwenye bati jembamba. Moja! Kopo linacheza ukiligusa kwa kidole. Upande unaotazama eksozi plastiki imeshaanza kukunjamana na kung'aa, ukiinusa unapata harufu ya beseni lililowekwa karibu na jiko. Waya ukatoka mbele, ukapanda juu ya tapeti kava, ukaenda kushika throto kwa nyuma, na katikati kaufunga na waya za plagi kwa kibanio cha plastiki. Yaani kachagua sehemu yenye joto kuliko zote na njia ndefu kuliko zote.

Na bado injini yenyewe haikai kimya. Imekaa juu ya mauntini za mpira, ukikanyaga mafuta inajitikisa, inalala nyuma na kurudi. Kopo limefungwa kwenye bodi, throto iko kwenye injini. Waya usipoachiwa ulegevu kidogo, kila injini inapojitikisa inajivutia mafuta yenyewe. Wangu kaukaza kama kamba ya gitaa. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikawa inapanda na kushuka nikiwa kwenye foleni ya Kimara, kruzi yenyewe nimeizima. Nampigia simu ananijibu, "Bosi, hiyo utaizoea." Niizoee?

Haya, vakyumu. Manifoldi ya kuingizia hewa ya 5A ina vichuchu vya kutosha vya kuchukulia upepo. Yeye kaenda kukata mpira mnene wa boosta ya breki, ile inayotumia upepo huohuo kukulainishia pedeli, na kiungo chake kakiweka baada ya valvu ya njia moja, upande wa boosta. Ile valvu iko pale ili injini ikizima ghafla ubaki na akiba ya kukanyaga breki mara chache. Ukitoboa upande ule, kiungo kikivuja au kiwambo kikipasuka, akiba yako imekwenda. Asubuhi moja nakanyaga pedeli kabla sijawasha gari, nakuta ngumu tangu mkanyago wa kwanza, wakati zamani ilikuwa inalegea kwanza. Kruzi inataka mpira wake wenyewe kutoka kwenye manifoldi, valvu yake yenyewe, na kikopo cha akiba. Hicho kikopo kina maana: ukipanda vilima vya Gairo throto inafunguka zaidi, vakyumu ya injini inapungua, na ndipo kruzi inapohitaji nguvu. Kikopo kilikuwamo kwenye boksi. Nimekikuta kwenye buti, kwenye mfuko wake, hata hakijafunguliwa.

Sasa lililonileta hapa.

Taa zangu za breki ni LED. Vifaa vya aina hii vina waya unaokwenda kwenye swichi ya breki, na usipokanyaga pedeli ule waya unatakiwa kupata eathi (hasi) kupitia uzi wa balbu za kawaida; ukikanyaga unapata umeme, na kruzi inaachia. Ukiwa na LED eathi haipiti vizuri, kruzi inakataa kushika. Dawa yake inajulikana: rudisha balbu za kawaida, au weka rilei. Fundi wangu yeye kaukata ule waya kwenye swichi, akaufunga kwenye bodi. Eathi muda wote! Kruzi ikashika, akanigongea bega, nikalipa. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kuiambia kruzi kwamba nimekanyaga breki.

Nimeligundua nimeshapita Chalinze. Kuna lori mbele, nakanyaga breki, gari inapungua kidogo lakini nasikia inavuta. Naongeza mguu, nayo inaongeza mafuta, maana inaona spidi inashuka na kazi yake ni kuirudisha. Nakanyaga klachi, injini ikapiga resi ya kutisha, kwa sababu swichi ya klachi hakuweka, na waya wa kusomea mizunguko ya injini, ambao ungeiambia kruzi kwamba injini inapiga resi, kauviringisha tepu akauacha unaning'inia. Nikazima kwa kitufe. Kitufe kingegoma ningezima gari yenyewe, na boosta ile niliyowaeleza.

Na kushika kwenyewe kulikuwa vituko. Chini ya karibu 100 ilikuwa haishiki. Fundi akasema ndivyo ilivyotengenezwa, ni ya haiwei za Ulaya. Uongo mtupu. Ndani kuna viswichi vidogo vya kuchagua mapigo ya sensa ya spidi. Toyota nyingi za miaka ile zinatoa kama 4,000 kwa maili. Yeye kaviacha kwenye 8,000. Kifaa kikawa kinadhani natembea nusu ya mwendo wangu, na kwa kuwa hakishiki chini ya maili 30 kwa saa (kama kilomita 48), ilibidi nikimbie mara mbili yake ndipo kikubali. Kijiji cha 50, kruzi inaanzia 100. Trafiki wangenipokea kwa maua.

Ralph Teetor, yule Mmarekani aliyepewa hataza ya kitu hiki mwaka 1950, alikuwa kipofu tangu utotoni. Huyu wa kwangu ana macho mawili na tochi ya simu mkononi, na maelekezo yenye michoro yalikuwa pembeni yake wakati wote anafunga. Kayatumia kufutia mikono.

Mafundi rewaya mliomo humu, nawauliza bila utani: mbona kitu kinachovuta throto mnakifunga kama redio? Redio ikifungwa ovyo inakoroma, basi. Hata lile jaribio dogo la gari ikiwa imezimwa, kufungua throto kwa mkono na kuiachia uone kama inarudi yenyewe hadi mwisho, hakulifanya. Ningemuona, nilikaa pale kwenye benchi mchana kutwa.

Mpira wa boosta nimeshabadilisha, waya nimeuchomoa kwenye throto, kopo liko nyumbani. Natafuta fundi Dar atakayelifunga juu, nyuma, kwenye mnara wa shokapu ulio mbali na eksozi, kwa bano la chuma na bolti, swichi ya klachi iwepo, na akubali nisimame pembeni namwangalia. Mwenye namba anicheki PM. Yule wa kwanza ajiandae tu, Jumatatu nafuata laki mbili yangu ya ufundi, na naenda na mjumbe.