Salbutamol ya maabara: kichupa kipya kinaonekana dhaifu kuliko cha zamani, shida iko wapi?

Bikari_Tupu:
Habari zenu wakuu, naomba msaada kabla sijamwandikia muuzaji malalamiko. Tunafanya kazi na seli za misuli laini ya njia ya hewa, tunapima cAMP (ishara ya ndani ya seli inayopanda dawa ikifanya kazi), na dawa yetu ya kila siku ni salbutamol hemisulfati, chumvi ya dawa ya pumu inayofungua njia ya hewa, ile ya risechi ambayo kwenye lebo wameandika kabisa si ya binadamu. Kichupa cha zamani kimebaki vumbi tu chini, kikaletwa kipya cha kampuni nyingine, cheti kinasema usafi zaidi ya asilimia 99 kwa HPLC (kipimo cha maabara kinachotenganisha vilivyomo), unga mweupe safi, kwa macho sina neno. Neno liko kwenye namba. Dada aliyekuwa anafanya hii kazi kabla yangu alikuwa anapata EC50 (kiwango cha dawa kinachotoa nusu ya kilele) ya nanomola 25 hivi, mimi na kichupa kipya napata kama 50, na nikirudia inarudi palepale wala haiyumbi. Kilele kiko sawa, grafu ina umbo lilelile, ila imehamia kulia. Stoku natengeneza milimola 10 kwenye maji, nagawa kwenye vitubu vidogo, nafunga foili, frizi ya −20. Sasa imeharibika njiani au nimeuziwa kitu hafifu?

PanyaWaTrakea:
Salbutamol haipendi mwanga hiyo kweli, lakini sidhani kama ni kuharibika, kitu kikioza hakikupi namba inayotulia hivyo, leo ungepata 50 wiki ijayo 70. Ingekuwa isoprenaline ningeshuku haraka, ile ina kipande cha molekyuli kinachoitwa katekoli, kinaoksidika mpaka maji yanageuka pinki ukiisahau mezani. Kwenye salbutamol kile kipande kilibadilishwa makusudi ndiyo maana inavumilia, na hata mwilini kimeng'enya cha COMT hakiiwezi.

Mimi nawaza kingine. Kichupa cha zamani ni (R) au ni mchanganyiko wa R na S, yale maumbo mawili ya molekyuli ileile kama mkono wa kulia na wa kushoto? Maana inayofanya kazi kwenye risepta ya beta-2 ni R, S ni kama abiria tu kwenye hizi assei. Kama yule dada alikuwa na R tupu (wenyewe wanaiita levalbuterol) na wewe una mchanganyiko, nusu ya unga wako haifanyi kitu, EC50 itakuwa mara mbili. Ndiyo hiyo 25 na 50 yako.

Babu_Molari:
Hoja ya Panya ni nzuri na lazima uiangalie, ila kuna kitu kingine kinatoa namba hiyohiyo kabisa na kwa kweli ndicho ninachokiona mara nyingi. Ukitumia log (hasi log ya EC50 kwa molari), nanomola 25 ni 7.6 na 50 ni 7.3, tofauti ni 0.3, na log ya 2 ni 0.3, popote ukiona grafu imehama 0.3 bila kubadilisha umbo usianze na biolojia anza na mizani. Tuambie vitu viwili: ulipima miligramu ngapi kwa mililita moja, na yeye kwenye daftari lake aliandika ngapi?

Bikari_Tupu:
Aisee. Mimi natumia uzito wa molekyuli ulioko kwenye lebo mpya, 288.35, kwa hiyo 2.88 mg kwa ml moja. Daftari lake nimelifungua sasa hivi, limeandikwa "5.77 mg/ml = 10 mM". Na lebo ya zamani nimeisoma kwa taabu imefutika ila alama ya (±) inaonekana, kwa hiyo sio R tupu. Nilidhani ni kampuni tofauti ndio maana uzito tofauti, namba ya CAS (namba ya utambulisho wa kemikali) ni moja, 51022-70-9.

Babu_Molari:
Basi dawa yako haina ugonjwa wowote, barua ya malalamiko iweke pembeni.

Salbutamol yenyewe ni 239.31. Kwenye hii chumvi molekyuli mbili za salbutamol zinashikana na asidi sulfuriki moja, ukijumlisha zote ni 576.7. Kampuni moja inakuandikia 576.7, yaani chumvi nzima na salbutamol mbili ndani yake. Nyingine inagawa kwa mbili inakuandikia 288.35, yaani salbutamol moja na nusu ya sulfati yake, hiyo "hemi" ndiyo inasema hivyo. Unga ni uleule, CAS ileile, wote wako sahihi. Yule dada alipima 5.77 mg akapata milimola 10 za chumvi, lakini salbutamol iliyomo ni milimola 20. Seli hazijui habari za chumvi, zinaona salbutamol tu. Kwa hiyo kila alipodhani ameweka nanomola 25 alikuwa ameweka 50. Namba yako na yake ni moja, tofauti ni mlichohesabu.

Ukitaka uhakika pima kile kivumbi kilichobaki, tengeneza stoku zote mbili kwa 2.88 mg/ml ziweke kwenye sahani moja siku moja. Zikilaliana, imeisha hiyo.

Usiku_Mwema:
Samahani wakuu mimi sio mtu wa maabara, nimeingia humu nikitafuta habari za salbutamol kwa sababu nyumbani kuna mtu ana pumu. Hivi huo unga mnaosema usafi 99 si ndio uleule ulioko kwenye inhela? Nimeona unauzwa mtandaoni kichupa cha miligramu 100, mtu akipata si anaweza akachanganya na maji akavuta kwa ile mashine ya mvuke?

Mfamasia_Mpole:
Usijaribu kabisa ndugu yangu, na sikwambii kwa sababu ya sheria ya kwenye lebo. Molekyuli ni ileile ndiyo, lakini 99 ya HPLC inakwambia tu kwamba kati ya vitu ambavyo kile kipimo kinaviona, salbutamol ni nyingi. Haisemi kama unga umetakaswa vijidudu, haisemi habari za endotoksini (sumu zinazoachwa na bakteria). Maji ya mashine ya mvuke ya hospitali yametakaswa, na asidi yake imerekebishwa iwe pH kati ya 3 na 5 hivi ili dawa isiharibike. Huo mchanganyiko wa jikoni unakwenda moja kwa moja kwenye mapafu ambayo tayari yamekasirika.

Halafu piga hesabu ya dozi. Mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida ni mikrogramu 100 za salbutamol. Kichupa cha miligramu 100 za sulfati, ukitoa uzito wa chumvi, kina kama miligramu 83 za salbutamol, hiyo ni zaidi ya mipulizo 800 kwenye kichupa unachoweza kukifunika kwa kidole gumba. Mizani ya nyumbani haiwezi kukupimia mikrogramu 100, na ukizidisha moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, potasiamu kwenye damu inashuka. Mtu wako atumie inhela aliyoandikiwa, na kama anaivuta mara kwa mara kuliko zamani mpeleke kwa daktari, hiyo ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa.

Kwa walioko maabara, hata kwenye boksi la inhela mtaikuta hadithi ya Babu, wengine wanaandika mikrogramu 120 za sulfati sawa na 100 za salbutamol. Na Marekani jina ni albuterol, msije mkadhani ni dawa nyingine.

Usiku_Mwema:
Nimeelewa, asante sana. Wacha niachane nayo.

PanyaWaTrakea:
Babu kanipiga bao la kisigino 😂 sawa. Niongeze kidogo tu, hiyo stoku ya maji inafaa kwa sulfati, ila mkihamia salmeterol xinafoati, dawa nyingine ya jamii hii, msihangaike na maji, ile inapenda mafuta, ni DMSO (kiyeyushi cha maabara), na wekeni kontroli yenye DMSO kiasi kilekile. Pia Bikari usishtuke kilele cha salbutamol kikiwa chini ya isoprenaline, ni agonisti nusu, yaani inaiwasha risepta lakini si kikamilifu. Kwenye seli zilizojazwa risepta nyingi inadanganya inaonekana kamili.

Bikari_Tupu:
Nawashukuru sana. Sasa swali la mwisho linaloniumiza kichwa, yule dada alikuwa na jedwali linalolinganisha salbutamol, formoterol na salmeterol, na supavaiza anataka liingie kwenye andiko letu. Nizidishe salbutamol kwa mbili tu niendelee?

Babu_Molari:
Usizidishe kitu mpaka uone formoterol aliipimaje. Formoterol fumarati nayo ni mbili kwa moja, mbili za formoterol kwa fumarati moja, ile yenye maji mawili ni 840.9. Terbutalini hemisulfati vilevile, 548.65. Salmeterol xinafoati ndiyo moja kwa moja, 603.75, haina mtego.

Bikari_Tupu:
Nimeangalia. Formoterol ameandika 840.9.

Babu_Molari:
Basi zote mbili zina kosa lilelile, na uwiano wa salbutamol na formoterol kwenye jedwali lake uko sawa kama ulivyo. Ungerekebisha salbutamol peke yake ndio ungeuharibu. Kilichopinda ni kila kitu alicholinganisha na salmeterol. Zidisha EC50 za salbutamol na formoterol kwa mbili, salmeterol iache, na kwenye mbinu andika kwamba molariti zote ni za besi, yaani dawa yenyewe bila chumvi.

Bikari_Tupu:
Naandika sasa hivi. Na kichupa nakibandikia lebo yangu mwenyewe, 288.35 kwa maka nyekundu.